Uyoga wa Urambo si uyoga wa Ihumwa

Mimi nimezaliwa na kukulia Urambo, Tabora, na kwetu uyoga si mboga ya wakati wa shida. Ni msimu, kama embe. Mvua zikishachanganya, mama alikuwa anatuamsha alfajiri na ndoo mkononi tuingie porini kabla wenzetu hawajapita, na saa nne tunarudi nguo zimelowa hadi kiunoni. Wa njano tulikuwa tunaupima kwa sado na kuuza barabarani. Uliobaki mama aliutandaza kwenye mkeka ukauke, tuje kuula Agosti na karanga. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa naweza kukutajia aina sita au saba kwa Kinyamwezi, na kila moja inaota chini ya mti gani. Naanza na hilo ili mtu asije akasema huyu dada alikuwa hajui uyoga. Nilikuwa najua, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Dodoma nilihamia 2019. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia huku tangu 2016, watu wakawa wanakuja kwa mafungu, na zamu ya idara yetu ilipofika nikafungasha. Tukapata nyumba Ihumwa, upande huu wa Mtumba. Nyuma kulikuwa na uwazi mpana wenye nyasi, na pembeni ya uzio kichuguu kirefu kunizidi. Baba Neema alitaka kukibomoa. Nilimkatalia, nikamwambia kichuguu ni bustani, subiri mvua.

Mvua ya Dodoma anayetoka Tabora inamchanganya. Huku msimu ni mmoja, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na katikati jua linaweza kuwaka wiki mbili mfululizo hadi mahindi yanasokota majani. Misimu miwili ya kwanza sikuona kitu pale nyuma. Kisha ikaja Januari 2021, mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika, na Jumamosi asubuhi nikafungua mlango wa jikoni nikakuta uyoga.

Ulikuwa mweupe, kofia pana kama sahani ya chai, katikati ina magamba ya kahawia kama maganda ya mkate. Umejipanga kwenye nyasi kwa mduara, utadhani kuna mtu kaupanda kwa kamba. Kutoka ulipo hadi kwenye kichuguu ni hatua nne. Nilipiga kigelegele peke yangu. Miaka miwili sijashika uyoga wa porini, nanunua sokoni uyoga wa kufugwa uitwao mamama, pakiti ndogo kwa bei ya nusu kilo ya nyama. Kichwani nikasema huu ni wa mchwa, kichuguu si kile pale?

Nikachukua kisu na ndoo. Niliukata juu ya udongo, usije na mchanga. Nilipokuwa narudi nikaona mwingine chini ya uzio, mdogo, kofia ya kijivujivu, nao nikautia kwenye ndoo ileile. Hapo naomba ukumbuke vitu viwili: nimekata shina nikaacha mzizi chini, na nimechanganya. Mama angeniona angenichapa, maana porini kila aina ilikuwa na chombo chake. Lakini huku si porini, ni nyuma ya nyumba yangu, na mtu akiwa kwake hulegea.

Nikaupiga picha nikamtumia mdogo wangu Tatu, aliyebaki Urambo. Picha moja, ya juu, uyoga ukiwa ndani ya ndoo. Haikupita dakika akanirudishia sauti: "Dada, huo ni wenyewe! Umebahatika, huku bado." Nikafanya na kile kipimo cha kitunguu: unachemsha uyoga na kitunguu kizima kilichomenywa, kikigeuka cheusi mwaga, kikibaki cheupe kula. Kilibaki cheupe. Cheupe kabisa, naweza kukiona hadi leo.

Nikauunga kwa karanga. Bakuli moja nikamtuma Neema ampelekee Bibi Chiku, jirani yetu wa upande wa kichuguu, Mgogo wa hapohapo aliyekuwepo Ihumwa kabla hatujaja sisi na vitambulisho vyetu vya kazi shingoni. Neema akarudi na "ahsante, mwambie mama tumeshukuru." Saa moja na nusu jioni tukala: mimi, mdogo wangu wa kiume Maganga, na Neema, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Neema alikula vipande vitatu tu, anapenda mchuzi zaidi. Baba Neema alikuwa hajarudi. Ulikuwa mtamu. Hili huwa linawashangaza watu, kila mtu anadhani sumu ni chungu.

Saa tatu na robo Maganga akatoka mbio kwenda uani. Alidhani ni karanga. Nilianza kumcheka, na kabla sijamaliza kucheka na mimi nikashikwa. Sitaeleza kila kitu, ila kutapika kule si kama kwa malaria, ambako unatapika ukapata nafuu kidogo. Kulikuwa hakuna nafuu. Tumbo linakata, jasho baridi, kuhara maji matupu, halafu unatapika tena wakati huna kitu tumboni. Neema akaja amejishika tumbo akaniambia, "Mama, naomba usinipe tena." Nilimpakata sakafuni chooni. Hadi leo sentensi ile ikinijia nikiwa kazini nainuka kwenye kiti.

Tulipoteza karibu saa nzima. Niliwapa maziwa, kwa sababu nimekua nikisikia maziwa yanaua sumu, wakayatapika. Nikamwambia Maganga ajitie kidole. Baba Neema alipofika akakuta hali ile, kwa hasira akachukua sufuria lote akalimwaga chooni na kulisugua kwa sabuni. Tungekuwa tumekaa chini kupanga namna ya kukosea, tusingekosea vizuri zaidi ya vile.

Hospitali, daktari wa zamu hakuanza na "mmekula nini". Alianza na "mmekula saa ngapi, na wa kwanza kutapika ameanza saa ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu, nikaona mabega yake yanashuka kidogo. Kisha akauliza kama uyoga ulikuwa wa aina moja, nikasema hapana, nilichanganya. Mabega yakapanda tena.

Alitueleza kesho yake, dripu zikiwa bado mikononi. Uyoga mwingi wa sumu unaanza kukusumbua mapema, ndani ya saa moja hadi tatu; unakutesa, unakukausha maji, na kwa mtoto au mzee kukaukiwa maji peke yake kunaweza kuua, lakini ukiwahi matibabu kwa kawaida unapona. Wa kuogopa kuliko wote ni ule unaonyamaza. Unaula jioni, unalala vizuri, kutapika na kuhara kunaanza saa sita baada ya kula, au saa kumi na mbili, hata zaidi. Halafu siku ya pili unapata nafuu. Mgonjwa anaomba chai, ndugu wanashukuru Mungu, wanarudi nyumbani. Kumbe nafuu ile ni ya uongo, sumu iko kwenye ini inaliharibu, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Sisi tulianza mapema, hiyo ilikuwa heri, lakini kwa kuwa nilichanganya hakuna aliyeweza kuapa kwamba ule wa kijivu wa uzioni haukuwa wa aina ya pili. Ndiyo maana tulikaa siku tatu tunapimwa damu ya ini na figo, asubuhi na jioni, wakati tumbo lilishatulia tangu siku ya kwanza. Laiti ningeweka chombo kimoja kwa aina moja, pengine tungelala usiku mmoja.

Akauliza mabaki yako wapi. Nikamwangalia Baba Neema, Baba Neema akaangalia dirishani.

Gharama. Mimi na Neema tulikuwa na bima. Maganga hakuwa nayo: vipimo, dripu na kitanda vilifika shilingi 214,000, na bajaji mbili za usiku 25,000 juu yake. Hiyo ilikuwa ada yake ya chuo ya muhula. Nimeilipa kwa mkopo wa kikundi, nikaumaliza Juni. Kazini waliniita Mama Uyoga hadi nikazoea.

Sasa Bibi Chiku. Usiku uleule, nikiwa kitandani na sindano mkononi, nilikumbuka bakuli. Nilimpigia saa tano huku natetemeka. "Bibi, mmekula?"

Akanyamaza kidogo. "Hatujala, mwanangu. Nimeufunika."

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Umeniletea chakula kwa mkono wa mtoto. Nikadhani kwenu unaliwa."

Nilimkasirikia wiki nzima, nikiri. Nilijiambia huyu mzee alijua, akaniacha. Ilichukua muda nielewe kwamba aliniheshimu kama vile mimi ningemheshimu mtu anayekula kitu nisichokijua, na kwamba mimi, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka miwili, sikuwahi hata siku moja kumuuliza huku mnakula uyoga gani.

Wiki iliyofuata uyoga ukaota tena palepale. Rafiki yangu anayefundisha baiolojia sekondari akaja, akaniambia usiushike kwa hasira, tuufanyie kipimo. Kipimo chenyewe ni cha bure. Unakata kofia iliyofunguka vizuri, unailaza kwenye karatasi, upande wa chini uangalie chini, unaifunika kwa bakuli isipate upepo, unaiacha usiku kucha. Karatasi yetu tuliigundisha nusu nyeupe nusu nyeusi, maana kuna uyoga unaotoa vumbi jeupe na juu ya karatasi nyeupe hutaliona. Vumbi hilo ndilo spora, mbegu zake.

Asubuhi niliinua bakuli. Upande wa chini wa kofia una zile pande nyembamba zilizojipanga kama mashavu ya samaki, na kila pande ilikuwa imeacha mstari wake kwenye karatasi, mistari inatoka katikati kama njiti za baiskeli. Rangi yake ilikuwa kijani. Si kijani cha jani, ni kile cha ukungu wa mkate uliokaa, kimefifia, lakini kijani. Nikapitisha kidole kikabaki kwenye ncha ya kidole. Mwalimu akaniambia uyoga wa nyasi wenye vumbi la kijani kitaalamu unaitwa Chlorophyllum molybdites, uko nchi nyingi za joto, na huko Marekani ni miongoni mwa uyoga unaowapeleka watu hospitali mara nyingi zaidi, kwa sababu hiyohiyo: ni mzuri, mkubwa, unaota karibu na nyumba. Ukiwa mchanga mashavu yake ni meupe kama wa mwingine yeyote. Ukijani unakuja ukishakomaa, na mimi niliukata asubuhi ya kwanza.

Yaani usiku mmoja na bakuli moja vingetosha.

Naharakisha kusema: vumbi la kijani linakuambia usile, lakini vumbi la rangi nyingine halikuambii kula. Jamii yenye ile sumu ya ini, inayoitwa Amanita, inatoa vumbi jeupe, na uyoga mwingi salama nao unatoa jeupe. Kipimo kinasaidia kukataa.

Masomo mengine nimeyapata kwa Bibi Chiku, mwaka uliofuata, baada ya mimi kuvuka uzio na kilo mbili za sukari na kusema, "Bibi, nifundishe." Alinipeleka kwenye kichuguu na kijiti. Uyoga wa mchwa, alisema, huukati, unauchimba. Tukachimba. Shina likashuka, likashuka tena, likawa jembamba kama mkia wa panya, na lilikuwa bado linaendelea tulipochoka. Mkia huo unakwenda hadi kwenye bustani ya mchwa, kule ndani wanakoulima wenyewe kwa ajili ya chakula chao. Bila mchwa, hauoti. Katikati ya kofia una ncha ngumu, ndiyo inayotoboa udongo, ukiugusa unahisi kama ncha ya pia ya kuchezea. Mashavu ni meupe na baadaye yanachukua uwaridi hafifu. Hauna magamba ya kubandua. Na ule mdogomdogo unaotapakaa chini kama mchele uliomwagika, huo nao ni wa mchwa, kazi yake ni kuuosha. Kwenye uwazi wangu, ule wa magamba ulikuwa na shina linaloishia palepale kwenye nyasi, limevimba kidogo chini, na pete inayochezacheza kwenye shina. Hatua nne kutoka kwenye kichuguu ni hatua nne, si kichuguu.

Nikamuuliza kuhusu wa njano wa kwetu. Hakuwahi kuuona. Mwalimu ndiye aliyenieleza: ule wa njano wa Tabora unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo, mitundu na wenzake. Ihumwa ni migunga na vichaka, miti ile haipo, kwa hiyo na uyoga ule haupo. Nusu ya nilichokuwa nakijua kilibaki Urambo siku nilipopanda basi. Na ile nusu niliyodhani nimekuja nayo, ya vichuguu, nilikuwa naijua kwa macho tu; mama ndiye alikuwa anachimba, mimi nabeba ndoo.

Ukiokota, basi, chimba uone mwisho wa shina. Ukikuta chini pana kikombe au mfuko, kama ganda la yai lililopasuka, acha hata kama una njaa. Miombo ina uyoga wenye kikombe unaoliwa tangu enzi za mababu, najua, nimeula. Lakini una ndugu zake wanaoua, na wanaoweza kuwatenganisha ni watu waliozaliwa hapohapo. Anayekata kwa kisu juu ya udongo anakiacha kikombe chini na kubeba kofia nzuri. Usichume kando ya barabara kuu, dampo wala kwenye shamba la zabibu linalopigwa dawa, kwa sababu uyoga unafyonza vitu vya ardhini vizuri kuliko mboga nyingine, hata ulio salama. Hata wenye uhakika, usile mbichi. Mara ya kwanza kula kidogo, na ubakize mmoja haujapikwa, uufunge kwenye karatasi na si mfuko wa plastiki, unaozea humo. Wangu sasa hukaa kwenye friji siku tatu. Kama mtu akizidiwa, ule mmoja na saa mliyokula ndivyo vitu vya kwanza daktari anavyotaka. Usimtapishe, usimpe maziwa, mpeleke. Na akitulia kesho yake, usimrudishe nyumbani kabla daktari hajasema.

Kuhusu kitunguu, kijiko cha fedha, punje za mchele, na "mbona ngedere wanaula": vyote nimeambiwa na watu wenye heshima zao, na baadhi yao niliwaambia mimi. Havipimi kitu. Konokono anakula uyoga unaoua mtu na anaondoka zake polepole.

Neema sasa ana miaka kumi na hagusi uyoga, hata wa mamama. Anakula mlenda kwa Bibi Chiku hadi anakesha huko. Simlazimishi.

Januari iliyopita uliota mmoja chini ya mkwaju, sijawahi kuuona, kofia kahawia, ncha katikati. Niliuchimba wote na udongo wake, nikaulaza kwenye gazeti, nikapiga picha juu, chini, ubavuni, mwisho wa shina, na karatasi yenye vumbi asubuhi yake. Nikamtumia Tatu zote tano. Alikaa siku nzima bila kujibu, na yeye si mtu wa kukaa.

Usiku akaandika: "Dada, huo siujui. Muulize bibi yako."

Nikamuuliza. Bibi Chiku akaugeuza, akaunusa, akaukwaruza shina kwa ukucha, akaurudisha kwenye gazeti. "Na mimi siujui," akasema, na tukaenda kuchuma mlenda.